Insha za Maulidi kwenye bajia za Bi Tima

Leo nimeadhirika. Sisemi nimeaibika. Kuaibika ni kwa mtu aliyejikwaa gatini mbele ya wageni. Mimi nimeadhirika mtaa wetu mzima wa Langoni, nimevaa kanzu ya Idi, nanukia udi, na begani nimebeba gunia. Kaeni niwaelezeni mwenyewe, maana mkisikia kwa watu wengine wataongeza chumvi. (Na hakuna haja. Chumvi ipo ya kutosha.)

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Na nina ugonjwa mmoja, siukatai: herufi kubwa. Siwezi kupita mbele ya herufi ndogo iliyokaa mahali pa kubwa nikaendelea na safari yangu. Hapa Lamu nateseka. Kuna mkahawa umeandika jina la mji wetu kwa herufi ndogo na neno "Juice" kwa herufi kubwa, kana kwamba wageni wamepanda ndege kuja kuizuru juisi. Kuna nyumba ya wageni imeandika "Mosque", "Donkey" na "Roof" zote kwa heshima sawa. Mtu mmoja aliwahi kutuma tangazo la msiba kwenye kundi la simu la mtaa, kwa Kiingereza, sijui alikuwa anamwandikia nani. Nikajibu: poleni sana, Mola amrehemu, ila hapo "mosque" iwe herufi ndogo, maana haikufuatwa na jina lake. (Nilitolewa kwenye kundi. Waliobaki bado wanakosea.)

Sheria yenyewe si ngumu, ndiyo maana inaniudhi. Mungu wetu mmoja, kwa Kiingereza, ni "God", herufi kubwa. Miungu ya masanamu ni "gods", herufi ndogo. Jina la Mtume kubwa, msikiti ndogo mpaka utajwe kwa jina lake, Ijumaa kubwa, Ramadhani kubwa, Lamu kubwa. Basi. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hawawezi.

Sasa, leo haikuwa siku ya kawaida. Leo tulikuwa tunangoja jibu la posa yangu. Nimemposa Salwa, binti wa Bwana Athmani muuza saruji na rangi. Salwa ni mwalimu pia, anafundisha Kiingereza huko bara, Mokowe. Tulijuana kwenye semina ya walimu, akawa mtu wa kwanza na wa mwisho duniani kuucheka mzaha wangu kuhusu nukta mkato. Tangu siku hiyo nampenda. Nasema wazi, kwa yaliyonipata leo hii imebaki aibu ndogo. Umri wangu mama hautaji tena mbele ya watu. Nililitaka jibu lile kuliko ninavyoutaka mshahara.

Na kwetu mwenye kuposa haendi mwenyewe. Huenda wazee. Ami Bakari, ndugu yake marehemu baba, ndiye aliyepangiwa kwenda kwa Bwana Athmani baada ya alasiri kupokea jibu. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa nyumbani na kutoharibu kitu.

Asubuhi mama akaingia ukumbini na ufagio.

"Ondoa haya makaratasi yako yuu ya meza. Ami yako akirudi na jibu atawekewa wapi kahawa?"

Makaratasi yenyewe yalikuwa insha. Niliwapa kidato cha tatu waandike kwa Kiingereza juu ya Maulidi hapa mjini. Nilisema moyoni, hili wamezaliwa nalo, hili halitawashinda. Walichoniletea ni msiba. "god" ndogo. "allah" ndogo. "prophet muhammad" ndogo zote mbili. Na "Biriani" kubwa, ukurasa baada ya ukurasa, bila kukosea hata mmoja. Nilisahihisha mpaka kalamu nyekundu ikakauka. Alama nilishaziingiza, na karatasi zikabaki kwangu kwa sababu hakuna aliyekuja kudai yake. (Nani adai aibu?)

"Na hizo usizitupe," mama akasema. "Zimemtaja Mola. Peleka msikitini ukatie guniani."

Mnalijua gunia hilo. Msikitini kwetu limetundikwa nyuma ya mlango, la karatasi zenye jina la Mungu: juzuu zilizochanika, kalenda za mwaka uliopita, kadi za arusi zenye Bismillahi. Hazitupwi jaani. Gunia likijaa, zinachomwa mahali safi au zinazikwa. Kila nyumba Langoni inajua hivyo, hata wasiojua kusoma.

Msikiti si mbali. Lakini jua lilikuwa limeshakuwa kali, na hapo hapo nje ya mlango wetu Bi Tima alikuwa anapanga vitu vyake vya bajia. Bi Tima amekaanga bajia pale tangu mimi sijaanza chuo. Akanichungulia.

"Mwalimu, huna makaratasi ya kufungia? Yangu yamekwisha, na leo nimeagizwa bajia na watu wazito."

Nikatazama rundo mkononi. Nikatazama jua. Na hapo elimu yangu yote ikanijia kichwani kwa pamoja, kama inavyomjia mtu mvivu.

"Mama," nikamwambia, kwa sauti ile niitumiayo kwa wazazi siku ya ripoti, "jina la Mungu kwa Kiingereza ni nomino ya pekee. Nomino ya pekee huanza kwa herufi kubwa. Watoto hawa wameandika ndogo. Kwa hivyo kielimu hapa hapana jina la Mungu. Pana neno tu. Pana masanamu ya Wayunani."

"Astaghfirullah."

"Si mimi ninayesema, mama. Ni sarufi."

"Na hiyo sarufi ndiyo itakayokujibia kaburini?"

Nilimhurumia, kwa kweli. (Mnaona mtu wa aina gani?) Nikaitazama karatasi ya juu kabisa ili nihakikishe. Ilikuwa ya kijana mmoja ambaye nilimkatia tamaa tangu mstari wa kwanza, nikampa sufuri bila kugusa kitu. Herufi ndogo tupu, hata jina lake mwenyewe. Nikaridhika. Zilizokuwa chini yake sikuzifunua.

"Hazina maneno ya dini?" Bi Tima akauliza, kabla hajazipokea.

"Hazina, Bi Tima. Nimezikagua mwenyewe."

"Haya. Wewe ndiwe msomi."

Nikarudi ndani, nikalala usingizi mzuri wa mtu aliyetatua tatizo.

Baada ya alasiri simu ikalia, naitwa. Ami Bakari.

"Ndoo hapa kwa Bwana Athmani. Sasa hivi."

"Jibu limetoka, Ami?"

"Ndoo tu." Akakata.

Sasa niambieni nyinyi. Mposaji anaitwa nyumbani kwa mkwe, kwa haraka, wazee wamekaa, si inasomwa Fatiha hiyo? Mimi nilifikiri hivyo. Nikavaa kanzu ya Idi. Nikavaa kofia ya vito ya marehemu baba. Nikajifukiza udi mpaka mama akakohoa jikoni. Nikatoka nikitembea katikati ya njia, na mnazijua njia zetu, mtu akitembea katikati punda hana pa kupita.

Nilimsalimia kila mtu. Fundi cherehani akaniuliza kulikoni leo, nikamwambia, "Jitayarishe tu, kanzu za arusi zinakuja." (Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu. Na yule mtu hasahau kitu.)

Njiani nikamwona mzee mmoja ameinama, ameokota karatasi yenye mafuta, ameipuliza vumbi, akaibusu, akaigusisha kwenye paji la uso, akaisokomeza katika ufa wa ukuta mahali pa juu. Nikaona nyingine katika tundu la ukuta wa nyumba ya pili. Na nyingine juu ya fremu ya dirisha. Mbele kidogo mama mmoja anamkaripia mtoto, amemnyang'anya karatasi na bajia zimemwagika. Nikasema moyoni, mashaallah, watu wa Langoni wana adabu na karatasi. Nikapita.

(Kichwa hiki ndicho kinacholipwa na serikali kusahihisha vichwa vya wenzake.)

Nyumba ya Bwana Athmani ina daka lenye vibaraza vya mawe huku na huku. Upande mmoja amekaa Ami Bakari, hanitazami. Upande wa pili Bwana Athmani, mtu anayeuza saruji na kuzungumza kana kwamba Lamu hii ameijenga yeye. Katikati sinia la kahawa, vikombe vimejaa, hakuna aliyekunywa. Bajia zimewekwa kwenye sahani, zimepoa. Na pembeni ya sahani, karatasi imefunguliwa, imenyooshwa vizuri, inang'aa mafuta. Juu, dirishani, nikasikia wanawake wa nyumba wananong'ona.

"Keti, mwalimu."

Nikaketi.

"Nimeagiza bajia kwa Bi Tima, nimkirimu ami yako. Nimefungua, nimekuta hii. Ami yako asema ni ya shule yako."

"Ni ya shule yangu, Bwana Athmani."

Akaweka kidole juu ya karatasi. "Hapa pameandikwa nini?"

Upande uliokuwa juu ulikuwa ukurasa wa mwisho wa insha, mistari michache, hauna alama yangu hata moja. (Nilikuwa nimechoka, na mwandishi alikuwa ameshafika kwenye biriani.) Nikasoma. "Pameandikwa 'god'."

"Maana yake?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, nimekosa, nisameheni, nitakwenda kuzikusanya. Ingekwisha hapo. Ami Bakari alikuwa sasa ananitazama, ananiomba kwa macho niyaseme maneno hayo. Mimi nikavuta pumzi, nikafundisha.

Nilifundisha vizuri, sitajidharau katika hilo. Nikaeleza nomino ya pekee na nomino ya kawaida. Nikaeleza kwamba "god" ya herufi ndogo si Mola wetu bali ni kisanamu chochote. Nikaeleza kwamba mwanafunzi huyu, kwa uzembe wake, hakulitaja jina la Mungu mahali popote, na kwa hivyo karatasi hii, kielimu, ni karatasi tu, sawa na gazeti. Ami akanikanyaga mguu. Nikadhani ameteleza. Nikaendelea.

"Chukua jina lako wewe, Bwana Athmani. Likiandikwa kwa herufi kubwa, ni wewe. Likiandikwa kwa ndogo, kwa Kiingereza, hapo hapana mtu."

Bwana Athmani akasogea mbele. "Kwa hivyo mimi nikiandikwa kidogo, mimi si mtu."

"Kwa Kiingereza, naam."

"Na waweza kunifungia bajia."

Dirishani wakacheka. Nikafikiri wamependezwa na somo. Nikatabasamu kuelekea juu. (Mola wangu, nilitabasamu.)

Ndipo ikaja sauti ya Salwa. Haikutoka juu. Alikuwa ameshuka, yuko nyuma ya pazia la mlango, karibu kabisa.

"Baba, igeuze hiyo karatasi upande wa pili."

Bwana Athmani akaigeuza.

"Sasa mwulize, hizo nyekundu kaandika nani."

Nikatazama. Kila "god" ilikuwa imekatwa herufi yake ya kwanza na kuvishwa G kubwa, nyekundu, nono, ya mkono wangu. Kila "allah" imepandishwa A. Ukurasa mzima. Sikuwa nimeruka hata moja, na naomba mjue kwamba mimi nikianza ukurasa huwa siruki. Na pembeni, kwa wima, kulikuwa na maneno niliyomwandikia mtoto wa watu kwa hasira.

Mkono ukatoka nyuma ya pazia. "Nipe niisome, Baba."

Akasoma kwa Kiingereza kwanza. Matamshi mazuri sana. Kisha akamfasiria baba yake, pole pole, kama anavyowafasiria watoto wake wa Mokowe.

"Ameandika: 'Huna adabu. Hili ni jina la Mungu. Liheshimu popote unapoliandika.'" Akaisogeza machoni. "Yaliyobaki hayasomeki, pana ukwaju."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Mwenzenu nilitazama zile herufi zangu nikatafuta sheria, sheria yoyote, ya kunitoa pale. Nazijua nyingi. Haikuja hata moja.

Bwana Athmani akazungumza taratibu, anaonja kila neno. "Yaani uliikuta ndogo. Ukaifanya kubwa. Kisha ukaifungia bajia."

"Sikuzitazama zote, Bwana Athmani. Nilitazama ya juu."

"Basi mtoto ndiye aliyekosea kwa kutojua. Wewe umekosea baada ya kusahihisha."

Ami Bakari akasimama. Sijapata kumwona Ami akisimama kabla ya kahawa yake. "Inuka," akaniambia. "Tukua gunia. Kusanya karatasi zako zote mtaani, usibakishe. Mimi nitasema na Bwana Athmani."

Nikaanzia kwa Bi Tima. Yeye alikuwa ameshasikia. Karai ameliepua, moto ameuzima, na karatasi zilizobaki amezifunga ndani ya leso safi, ameziweka mapajani. Akanipa bila kunitazama.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza mbele ya mamako. Mimi kusoma Kizungu sijui, ndiyo maana nikakuuliza wewe. Umenitia mkononi mwangu ina la Mola nikalitilia pilipili."

Kuchekwa nimekuzoea, mimi ni mwalimu, nachekwa kila siku nikigeukia ubao. Lakini yule mama aliniamini, na leo ameondoka mapema na bajia zake hazijauzwa kwa sababu yangu. Hiyo iliniuma, na inaniuma hata sasa ninapoandika.

Halafu nikaingia mtaani. Kanzu ya Idi, kofia ya vito, udi, gunia. Habari ilikuwa imenitangulia, sijui kwa mguu gani. Nikachomoa karatasi kwenye nyufa za kuta. Nikapanda kwenye kibaraza cha mtu kuifikia ile ya juu ya dirisha, mwenye nyumba akafungua dirisha tukaonana uso kwa uso. Nikagonga milango. "Hodi, samahani, mlinunua bajia leo?" Na kila mlango swali ni lile lile. Wameshaambizana. Wanaikunjua karatasi mbele yangu, wanaitazama kwa makini, wanauliza:

"Mwalimu, hii ni ile kubwa au ile ndogo?"

"Kubwa, Bi."

"Aa. Basi tukua. Ingekuwa ndogo ningemalizia bajia."

Watu ambao maisha yao yote hawajawahi kuijali herufi. Leo ghafla wote wataalamu. Fundi cherehani alinitolea mbili, amezikunja vizuri, akaniuliza zile kanzu za arusi nitazichukua lini. Nilimwambia nina haraka.

Moja nilimkuta nayo punda. Alikuwa anaimalizia, nusu iko nje, na G yangu nyekundu naiona kabisa pembeni ya mdomo. Nikavuta. Akavuta. Watu wakakusanyika. Mwenye punda akasema niache, mnyama hana hesabu. Nikamwachia. Nilipata kipande tu, nacho kilikuwa kimeandikwa "Biriani".

Nilifika msikitini kabla ya magharibi, nikalimimina gunia langu ndani ya gunia lile la nyuma ya mlango. Mkono wote ulinuka mafuta na pilipili. Nikakoga upya, nikaomba toba, toba ya kweli, sikuingiza sarufi ndani yake.

Nyumbani mama alikuwa jikoni. Alinipa chai. Mama akikupa chai bila kusema kitu, jua umefanya jambo kubwa. Ami Bakari akaja baadaye, akakaa kwenye meza ile ile iliyosafishwa kwa ajili yake, akasema Bwana Athmani amepoa kidogo. Kwamba tangu jana jibu lilikuwa tayari, na lilikuwa ndiyo. Bajia zile ziliagizwa kwa ajili ya kulisherehekea.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa asema amemwatia mwenyewe Salwa aamue."

Nikaingia chumbani, nikamwandikia Salwa. Namba yake ninayo tangu semina. Nilimwandikia kwa Kiingereza, aya tatu, sijawahi kuandika kitu kizuri namna ile. Nikamwambia nimekosa, nimemkosea Mola, nimemkosea Bi Tima, nimemkosea baba yake, na kwamba nampenda. Nikasoma tena na tena, hakuna kosa hata la mkato. Nikatuma.

Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Jibu likaja, neno moja:

"hapana"

Mnajua mimi kitu gani nilichokiona kwanza? Si kwamba nimekataliwa. Kukataliwa kumenifikia baadaye, ndiko kulikoniweka macho hapa nawaandikia nyinyi. Kwanza niliona kwamba h ni ndogo na nukta hakuna.

Sijamsahihisha. Naomba angalau hilo mnihesabie.